Mawakala wa programu katika mnyororo wa ugavi: mwongozo kamili wa kuwajenga na kuwaendesha

Wakala, katika mwongozo huu, ni programu yenye vitu vitatu: hali yake yenyewe (anajua ana nini mkononi na nini kiko njiani), uamuzi anaoumiliki, na njia ya kuzungumza na wenzake kwa ujumbe. Mfumo wa mawakala wengi ni programu kadhaa za namna hiyo, na hakuna hata moja inayoona kila kitu. Ndivyo mnyororo wa ugavi wenyewe ulivyo. Kiwanda hakioni rafu za muuzaji wa mwisho, msafirishaji hamfunulii mteja ratiba ya malori yake yote, na ghala halijui ni wangapi wengine wanaogombea mzigo uleule kwa mgavi.

Kabla ya kuanza, jiulize: je, maamuzi yote ni ya mwenye mali mmoja, na data zote ziko kwenye hifadhidata moja? Kama ndivyo, achana na mawakala. Programu moja ya kupanga itatoa mpango bora kuliko mawakala kumi wanaojadiliana, tena kwa haraka. Mawakala hulipa pale ambapo maamuzi yamegawanyika kati ya kampuni au idara tofauti, sehemu ya taarifa ni siri, na hali hubadilika upesi kuliko mpango wa juma unavyoweza kufuata.

Hatua ya 1: Chora maamuzi, kisha hesabu mawakala

Watu wengi huanza kwa kuchora majengo: kiwanda, ghala, duka. Anza na maamuzi. Nani huamua kiasi cha kuagiza? Nani huchagua lori? Nani huamua nani apunguziwe mzigo unapokuwa haba? Kila mwenye uamuzi mmoja unaojitegemea apewe wakala mmoja. Mnyororo wenye kiwanda kimoja, ghala kuu moja, vituo vitatu vya usambazaji na wasafirishaji wanne unahitaji mawakala tisa. Ongeza wa kumi wa kufuatilia mwenendo wa mfumo, asiye na mamlaka ya kuagiza chochote.

Usimpe kila bidhaa wakala wake. Bidhaa 3,000 zikiwa mawakala 3,000 zitagombea lori moja na fedha zilezile, na ujumbe utajaa kwenye foleni kuliko kazi. Bidhaa ni safu katika kumbukumbu ya wakala wa ghala. Haijipangii chochote.

Kosa la pili ni kuwapa mawakala wawili uamuzi mmoja. Ghala kuu likiruhusiwa kukisukumia kituo mzigo huku kituo nacho kinaagiza chenyewe, wote wawili wataona upungufu uleule na wote watauziba. Baada ya siku chache kituo kimejaa hadi mlangoni, kinaacha kuagiza kabisa, na ghala kuu linasoma ukimya huo kama kuanguka kwa mahitaji.

Hatua ya 2: Majina, vipimo na saa

Hatua hii haina mvuto, na ndiyo huvunja miradi mingi. Tumia utambulisho ulio tayari wa GS1, shirika la kimataifa la viwango vya misimbo ya bidhaa: GTIN (tarakimu 14 ukiandika kwa urefu kamili) kwa bidhaa na vifungashio vyake, GLN yenye tarakimu 13 kwa mahali, na SSCC yenye tarakimu 18 kwa kila paleti au kasha linalosafirishwa. Katoni ina GTIN tofauti na kipande kilichomo ndani, na huo ndio ulinzi wako mkubwa. Kituo kikiandika “480” kikimaanisha vipande, na ghala likasoma katoni za vipande 24, zinaondoka bidhaa 11,520. Kila kiasi kinachopita kati ya mawakala kiandamane na kipimo chake, na ujumbe usio na kipimo urudishwe bila kusomwa.

Saa zote ziandikwe kwa UTC, saa sanifu ya dunia. Siku za kuleta mzigo zielezwe kama ni za kalenda au za kazi, kwa sababu siku tano za kazi ni saba za kalenda, na tofauti hiyo ya siku mbili huingia moja kwa moja kwenye akiba.

Hatua ya 3: Hesabu ya kuagiza

Wakala wa ghala anahitaji kanuni anayoweza kuifafanua mbele ya mhasibu. Anza na kiwango lengwa: agiza kila siku hadi mzigo ulionao, pamoja na ulio njiani, ufikie kiwango fulani.

Tuseme mahitaji ni wastani wa katoni 100 kwa siku, mkengeuko wa kawaida (kipimo cha jinsi mahitaji yanavyotawanyika kuzunguka wastani) ni katoni 20, mzigo huchukua siku 6 kufika, na wakala hukagua kila siku. Muda wa kujilinda ni siku 7 (6 za safari na 1 ya ukaguzi).

Mahitaji ya muda huo: 7 × 100 = 700.
Akiba ya tahadhari ili mzigo utoshe kwa uwezekano wa asilimia 95 (kizidishi chake ni 1.65): 1.65 × 20 × kipeuo cha pili cha 7, yaani takribani 87.
Kiwango lengwa: 787.

Hesabu hiyo inadhani mzigo hufika siku ya 6 kila mara. Kama muda wa kufika nao huyumba kwa mkengeuko wa siku 1.5, akiba inakuwa 1.65 × kipeuo cha pili cha (7 × 20² + 100² × 1.5²), yaani takribani 262, na kiwango lengwa kinapanda hadi 962. Akiba imezidi mara tatu, na mahitaji hayajabadilika hata kidogo. Kwa hiyo, ukiwa na juhudi za kutosha jambo moja tu, mfanye wakala wa msafirishaji atoe makadirio ya kuaminika ya saa ya kufika. Huwa yanaokoa akiba kubwa kuliko utabiri mzuri zaidi wa mauzo.

Sasa angalia wakala anasoma nini kabla ya kuagiza. Asisome mzigo ulio rafuni peke yake. Asome mzigo mkononi, aongeze ulioagizwa bado haujafika, atoe deni la wateja. Mkononi 350, njiani 400, deni 50: hali halisi ni 700. Wakala anayesahau zile 400 za njiani anaona 300 na kuagiza 662, na kesho atakosea vilevile, mpaka mizigo yote ianze kushuka kwa pamoja. John Sterman wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alionyesha mwaka 1989 kwamba binadamu hukosea hivyohivyo. Usiiandike tabia hiyo kwenye programu.

Kuziba pengo lote kwa siku moja pia huyumbisha mnyororo. Kwa kiwango lengwa 962 na hali halisi 700, upungufu ni 262. Katika hizo, 100 ni za kurudishia mauzo ya siku, na 162 ndilo pengo lenyewe. Agiza zile 100 na sehemu tu ya pengo, tuseme asilimia 30: 100 + 49 = 149. Oda zinatulia na mgavi anapumua. Lakini utulivu huo una gharama: pengo linachukua siku kadhaa kuzibika, hivyo akiba ya tahadhari ipandishwe kidogo. Kiasi gani, uigaji wa Hatua ya 8 (kuuendesha mnyororo kwenye kompyuta kwanza) ndio utakaojibu.

Hatua ya 4: Zuia mjeledi

Mjeledi ukitikiswa kidogo kwenye mpini, ncha yake huruka mbali. Oda nazo zinapopanda ngazi kutoka muuzaji hadi kiwanda hufanya hivyo. Jay Forrester aliueleza mwenendo huu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1997 Hau Lee na wenzake wakataja vyanzo vinne: kutabiri kwa kutazama oda badala ya mauzo, kukusanya oda hadi ziwe fungu kubwa, bei za kupanda na kushuka, na wateja kuagiza zaidi ya haja yao mzigo unapokuwa haba.

Upime mjeledi kwa uwiano: mraba wa mkengeuko wa oda, gawanya kwa mraba wa mkengeuko wa mauzo. Kwa wakala anayetabiri kwa wastani wa siku p zilizopita na kuagiza hadi kiwango lengwa, mahitaji yakiwa hayana mwelekeo, uwiano hauwezi kushuka chini ya 1 + 2L/p + 2L²/p², ambapo L ni muda wa kuleta. Kwa L ya siku 4 na p ya siku 8 ni 2.5. Panua p iwe 28, unapata takribani 1.33. Kubadilisha namba moja kwenye faili la mipangilio kumefanya kazi ambayo wengi huitafuta kwenye akili bandia.

Ngazi tatu za namna hiyo, kila moja ikitabiri kwa oda za ngazi ya chini yake, huzidisha: 2.5 × 2.5 × 2.5, karibu 15.6. Zote zikisoma mauzo ya mwisho moja kwa moja, hesabu inatumia jumla ya muda wa kuleta (siku 12) na kutoa 8.5. Kushirikiana taarifa kumepunguza karibu nusu, ila hakujaondoa tatizo. Kwa p ya 28, namba hizo ni takribani 2.3 na 2.2. Yaani utabiri unapotulizwa, faida ya ziada ya kushirikiana taarifa huwa ndogo. Tuliza kwanza, kisha ndipo mjadiliane na wabia kuhusu data.

Kuhusu mzigo haba: wakala wa kiwanda akigawa kwa kulinganisha oda, kila kituo kitajifunza kuagiza mara mbili ili kipate nusu. Agawe kwa kulinganisha mauzo ya wiki nane zilizopita, na kanuni hiyo itangazwe mapema kwa mawakala wote. Ikifichwa, kila mmoja ataanza kuikisia.

Hatua ya 5: Lugha ya ujumbe

Aina za ujumbe ziwe chache. Hizi zinatosha: taarifa, ombi, mwito wa zabuni, zabuni, kukataa, kukubali, kufuta, imekamilika, imeshindikana. Ni karibu na zile za shirika la viwango la FIPA, lililoanzishwa mwaka 1996. Kila ujumbe ubebe:

- namba ya ujumbe isiyojirudia, na namba ya mazungumzo unayohusu
- mtumaji na mpokeaji kwa GLN
- aina ya ujumbe
- bidhaa, kiasi na kipimo
- saa ya kutumwa na saa ya mwisho ya kujibu
- toleo la muundo wa ujumbe

Namba isiyojirudia ndiyo kinga dhidi ya oda mbili. Mifumo mingi ya foleni huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, maana yake wakati mwingine mara mbili. Mpokeaji ahifadhi namba alizokwisha kuzishughulikia kwa siku 30, na ujumbe ukirudi ajibu jibu lilelile bila kutenda tena.

Hatua ya 6: Zabuni za usafiri

Njia ya kugawa kazi kwa zabuni ilielezwa na Reid Smith mwaka 1980 na bado ndiyo inayofaa zaidi hapa. Ghala linatangaza mwito: paleti 18, kutoka hapa hadi pale, zifike kabla ya saa fulani, majibu ndani ya sekunde 90. Wasafirishaji wanatoa zabuni au wanakataa. Ghala linalinganisha ndani ya sekunde 30, linamkubali mmoja na kuwajulisha wengine kwamba wamekosa.

Tatizo liko katikati. Msafirishaji mwenye lori moja akipokea miito mitatu kwa pamoja, afanyeje? Akitoa zabuni kwa yote, anaweza kushinda yote. Akitoa kwa mmoja tu, lori linaweza kulala bure. Dawa ni zabuni yenye muda wa kushikilia: lori linawekewa alama “limeshikwa” kwa dakika 5, na katika muda huo haliingii kwenye zabuni nyingine. Muda wa kushikilia lazima uzidi sekunde 90 za kusubiri, 30 za kulinganisha, na ucheleweshaji wa mtandao. Ukiuweka dakika 2 kamili, kila mtandao ukizubaa kidogo ghala litamkubali msafirishaji ambaye lori lake limekwisha kwenda kwingine. Ukiuweka saa moja, malori yatashikwa na miito iliyokwisha kufa.

Wanaokosa wapelekewe ujumbe wa kukataliwa mara moja. Wakala asiyeambiwa ataendelea kushikilia lori hadi muda uishe. Ni upungufu ulio rahisi kusahaulika.

Usichague kwa bei tu. Alama = bei + (saa za kuchelewa zinazotarajiwa × gharama ya saa moja ya kuchelewa). Saa zinazotarajiwa zitokane na safari 50 za mwisho za msafirishaji huyo. Ahadi yake ya leo isiingie. Mwenye safari chini ya 10 apewe wastani wa wote, la sivyo mgeni atashinda kila zabuni kwa kuwa hana historia mbaya.

Jihadhari pia na kusubiriana: ghala halifungi mzigo mpaka lori lithibitishwe, na msafirishaji hathibitishi mpaka mzigo ufungwe. Wakala mmoja, na iandikwe ni yupi, lazima atangulie. Mara nyingi ni msafirishaji, kwa kuwa kufungua nafasi ya lori ni rahisi kuliko kufungua paleti.

Hatua ya 7: Mamlaka, binadamu, na modeli za lugha

Kila wakala awe na mipaka iliyo nje ya programu yake, kwenye faili ambalo yeye mwenyewe hawezi kulibadili. Mipaka ya kuanzia: oda isiyozidi mara 1.3 ya wastani wa wiki nne ipite. Kati ya 1.3 na 2 isubiri idhini ya mtu kwa saa 4. Zaidi ya 2 isimame kabisa. Muda wa idhini ukiisha bila jibu, wakala aagize kiasi cha wastani. Asiagize sifuri wala kiasi alichoomba. Pawe na swichi moja ya kusimamisha oda mpya zote bila kugusa zilizokwisha kukubaliwa, na ijaribiwe kila mwezi. Swichi isiyojaribiwa ni pambo.

Modeli kubwa za lugha (programu za akili bandia zinazosoma na kuandika maandishi) zina kazi nzuri hapa: kusoma barua pepe ya mgavi inayosema meli imechelewa na kuigeuza kuwa ujumbe wa taarifa, kueleza kwa lugha ya kawaida kwa nini oda imesimamishwa, kutafuta utata kwenye mikataba. Zisikokotoe kiasi cha kuagiza. Hesabu ya Hatua ya 3 ni mistari michache ya programu, hutoa jibu lilelile kila mara, na inakaguliwa. Kila namba iliyotoka kwa modeli ya lugha ilinganishwe na oda iliyo wazi kwenye hifadhidata: je, namba ya oda ipo, je, tarehe iko mbele? Barua pepe ya nje isiruhusiwe kamwe kubadili mipaka au akaunti ya malipo, hata ikiandikwa kwa amri kali kiasi gani. Itifaki mpya kama MCP iliyotolewa na Anthropic (Novemba 2024), inayounganisha modeli na zana, na Agent2Agent iliyotolewa na Google (Aprili 2025), inayounganisha mawakala, hurahisisha kuunganisha mifumo. Kanuni za nani aamue nini hazimo ndani yake.

Kwa jukwaa la kuwajengea mawakala, JADE hutumia Java na hufuata viwango vya FIPA. SPADE ni ya Python na hupitisha ujumbe kwa XMPP, itifaki ya wazi ya kutuma ujumbe. Mesa, nayo ya Python, ni ya uigaji tu, usiipeleke kazini. Timu nyingi zinaweza kutumia foleni ya ujumbe ya kawaida na huduma ndogondogo, na hakuna ubaya.

Hatua ya 8: Iga, kisha vunja

Jaribio la kwanza ni mchezo wa bia, zoezi maarufu la MIT. Ngazi nne, kila moja ikianza na akiba ya 12, mahitaji ya 4 kwa wiki ambayo kuanzia wiki ya 5 huwa 8 na kubaki hapo. Gharama ya kukosa kitengo ni mara mbili ya kukihifadhi. Mawakala wako wakiruka hadi oda za 30 na kurudi sifuri, kosa liko Hatua ya 3, na karibu kila mara ni mzigo wa njiani uliosahauliwa.

Kisha iga mnyororo wako kwa data halisi ya miaka miwili. Tupa siku 100 za mwanzo, ambamo mfumo bado unatafuta utulivu. Rudia mara 30, kila mara kwa mfululizo tofauti wa namba za nasibu, na unapolinganisha kanuni mbili tumia mifululizo ileile kwa zote. Pima uwiano wa mjeledi kwa kila ngazi, asilimia ya oda zilizotimizwa kwa ukamilifu, wastani wa akiba yote, na idadi ya ujumbe kwa kila oda. Idadi hiyo ikipanda kadiri mfumo unavyokua, kuna mawakala wanaobishana.

Halafu vunja kwa makusudi. Zima wakala mmoja kwa saa 6. Tuma kila ujumbe mara mbili. Chelewesha asilimia 5 ya ujumbe kwa dakika 20. Mpe mgavi mmoja uwezo wa nusu kwa wiki tatu. Punguza akiba halisi kwa asilimia 3 bila kuwaambia mawakala, kwa kuwa kwenye ghala la kweli vitu huvunjika na kupotea, na kompyuta huendelea kuhesabu mzigo wa kufikirika. Wakala mwenye kiwango lengwa cha katoni 15, na kumbukumbu yenye “katoni 15” ambazo hazipo, hataagiza kamwe, na rafu itakaa tupu bila tahadhari yoyote kulia. Kinga yake: bidhaa yenye mauzo ya kila siku ikikaa siku tatu bila kuuzwa huku kumbukumbu ikionyesha akiba, wakala aombe ihesabiwe kwa mkono.

Hatua ya 9: Kuingiza kazini

Wiki 6 hadi 8 za kwanza mfumo uendeshwe kivulini: mawakala wanaamua, maamuzi yanahifadhiwa, watu wanaendelea na kazi kama kawaida. Kila juma kaeni na wapangaji mkague oda 20 zilizotofautiana zaidi. Karibu zote zitaangukia kwenye makundi mawili: wakala hakujua jambo ambalo mpangaji anajua (tangazo la punguzo la bei, sikukuu, mteja aliyehama), au mpangaji alikuwa na wasiwasi. Kundi la kwanza ligeuzeni kuwa ujumbe wa taarifa ambao mpangaji anaweza kuutuma mwenyewe. Kundi la pili mliache, litapungua.

Baada ya hapo washeni njia moja: kituo kimoja, bidhaa 50 zenye mauzo tulivu, wasafirishaji wawili. Wiki 4. Ongezeni bidhaa kabla ya kuongeza vituo, na vituo kabla ya wabia wa nje. Mbia wa nje anapojiunga, mtumieni ujumbe wa majaribio wenye makosa ya makusudi (kipimo kimekosekana, namba imerudiwa, saa imepita) na msimruhusu kuingia mpaka wakala wake ayakatae yote matatu.